Fomu ya Yerusa

Rebeka alinipigia simu mwezi wa sita, siku ambayo ukungu uligoma kuondoka kijijini kwetu Yakobi mpaka saa sita mchana. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia, na mwanzoni nilidhani ni mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani. "Dada Lusia," alisema, "tunajengea makaburi ya baba na mama huku Ipelele. Njoo. Watu waliomjua dada yetu shuleni wamekwisha, umebaki wewe." Nikamjibu kwamba nitakuja. Kisha nikakaa jikoni, simu mapajani, maharage yakaungua huku nikiyatazama. Nimevuka miaka themanini. Nimefundisha watoto wa Njombe zaidi ya miaka thelathini, nimezika mume, nimesoma masomo mbele ya usharika Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na muda huo wote sikuwahi kukanyaga Ipelele, ingawa siku hizi ukiondoka asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana. Kila nilipoalikwa nilipata sababu: mvua, mitihani, miguu. Sababu yenyewe haikuwa mojawapo ya hizo. Dada yake Rebeka aliitwa Yerusa. Alikuwa rafiki yangu, alikufa ana miaka kumi na sita, mbali na kwao, na kuna jambo kuhusu safari yake lililokuwa likijulikana na mimi peke yangu.

Ulikuwa mwaka wetu wa darasa la nane, enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Shule yetu ya kati ilikuwa ya misheni, ya wasichana watupu, nyumba tatu za matofali ya kuchoma juu ya kilima kisicho na mti wa kuzuia upepo. Mimi ni Mbena, Yerusa alikuwa Mkinga. Kibena changu alikielewa nusu, na Kikinga chake kilinichekesha, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, Kiswahili kile cha vitabuni ambacho wote wawili tulikuwa tumejifunza kwa chaki na viboko. Bwenini vitanda vilikuwa vya mbao, magodoro ya maganda ya mahindi, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na blanketi moja tu, Bibi alituruhusu kulala wawili wawili miezi ya baridi. Bibi ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, mama wa Kizungu mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili safi kuliko chetu. Nikitaka kumwona Yerusa sasa hivi, sihitaji kufumba macho. Namwona amekaa ukingoni mwa kitanda chetu, ulimi nje kidogo pembeni mwa mdomo, akikokotoa hesabu kichwani huku mikono yake ikimenya kiazi cha moto. Alikuwa akimaliza kiazi na hesabu kwa pamoja. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Walimu walisema hivyo: Yerusa ana kichwa, Lusia ana mkono.

Mwezi wa nane Bibi aliingia darasani, akachora mstari katikati ya ubao. Alisema watakaofaulu mtihani wa mwisho watakwenda shule ya serikali ya sekondari, na kwamba kwa wasichana wa upande wetu ziko mbili. Kushoto aliandika habari za ile kubwa, mbali huko magharibi, safari ya mabasi na garimoshi: wasichana mia tatu, walimu kumi na watano, nyumba nzima ya kufanyia majaribio ya sayansi, masomo mpaka darasa la kumi na mbili. Kulia aliandika habari za ile ndogo, upande wa Mbeya, iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa: wasichana sitini, walimu wanne, mwisho darasa la kumi. "Msichague kama mnachagua kitenge," alisema. "Ulizeni wazazi wenu. Kisha ulizeni vichwa vyenu." Wiki ile nzima hatukuzungumza kitu kingine. Tukipanga foleni ya uji, tukifua mtoni, tukipalilia shamba la shule, ilikuwa kubwa na ndogo, kubwa na ndogo. Nakumbuka nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko, nikisikia wapishi wawili wakibishana juu yetu. Mmoja alisema msichana akisoma mpaka kumi na mbili nani atamwoa. Mwenzake akamjibu, "Atakayekuwa na bahati." Nililibeba jibu hilo moyoni kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi niliitaka kubwa. Niliitaka ile nyumba ya sayansi ingawa sayansi yenyewe ilinishinda. Lakini niliogopa kufa kwenda peke yangu.

Mwezi wa tisa baba yake Yerusa alikuja. Alitembea siku mbili kutoka Ipelele na mfuko wa njegere kavu begani, akafika amejaa vumbi na majivu ya njiani, kwa kuwa watu walikuwa wakichoma mashamba. Bibi alituruhusu tumwandalie chakula katika chumba cha wageni, chumba chenye meza moja, benchi mbili na dirisha la vioo lililokuwa fahari ya shule. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye koti la kijeshi alilorithi kwa nduguye. Alinisalimia "Kamwene" kwa Kibena ili kunifurahisha, kisha akala ugali na njegere zake mwenyewe bila haraka, akitusikiliza. Yerusa alimweleza zile shule mbili kwa haki kabisa, kama anayepima unga. Aliposikia mia tatu, mzee aliacha kula.

"Mahali penye watoto mia tatu," akasema, "nani atajua kama wangu hajala?"

"Kuna walimu wengi, baba," nikasema mimi.

"Na ni nchi ya joto?"

Yerusa akakubali kwamba ni ya joto.

Mzee akatazama dirishani. Alikuwa na kaka aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko pwani, na lile koti lilikuwa lake. "Kaka yangu alikuwa na nguvu kunishinda," akasema. "Homa ya huko ilimchukua kabla ya mavuno ya kwanza. Sisi wa milimani homa ile haitujui, na ikitukuta haituhurumii. Nenda ile ndogo, mwanangu. Masomo yakiisha la kumi, ukitaka zaidi tutaona." Yerusa aliitikia palepale. Hakuitikia kwa shingo upande. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniambia anaipenda ndogo: watu sitini unawajua wote kwa majina katika wiki moja, na mwalimu akikosea hesabu unaweza kumwambia. "Chagua nawe ndogo," alisema. "Tutakuwa wakubwa mahali padogo." Nilicheka, sikumjibu. Kabla mzee hajaondoka, Bibi alimpa fomu ya Yerusa ili aweke dole gumba chini, mahali pa mzazi. Sehemu za juu zilikuwa bado tupu. Alibonyeza dole kwa nguvu, akalishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku tuliyotakiwa kujaza fomu, Yerusa alikuwa chumba cha wagonjwa na matumbwitumbwi. Yalikuwa yameingia shuleni, na aliyeyapata alifungiwa siku kumi. Bibi alinipa fomu zote mbili. "Kamuulize dirishani, umwandikie," alisema. "Ninazipeleka Njombe mchana." Nilikwenda. Yerusa alikuja dirishani na kitambaa kimezunguka kichwa na taya, uso umevimba kama mkate, tukachekana. Nikamwuliza. "Ndogo, nafasi ya kwanza," akasema. "Na ya pili niandikie ndogo tena, kama wanakubali." Akacheka, akashika taya kwa maumivu, akarudi kitandani.

Kulikuwa na meza ya kukunja barazani. Niliketi, nikachovya kalamu katika wino, nikaanza na fomu yangu: nafasi ya kwanza, kubwa, ya pili, ndogo. Kisha nikavuta ya kwake. Watu wakisimulia makosa yao husema hawajui kilichowaingia. Mimi najua. Nilifikiri: akiwa kwenye ndogo na mimi kwenye kubwa, nitakuwa mtu nambari fulani kati ya watu mia tatu, bila mtu wa kunifundisha hesabu wala wa kulala mgongo kwa mgongo nami. Ningeweza kubadili fomu yangu mwenyewe. Hilo pia nililifikiri, na sikutaka. Nilimpenda Yerusa, nami nilitaka aje kule nilikotaka mimi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: nafasi ya kwanza, kubwa; ya pili, ndogo. Nilipuliza wino ukauke. Chini ya maneno yangu lilikuwepo dole la baba yake.

Desemba, mvua zikiwa zimeanza, tuliitwa shuleni kupokea majibu. Tulikuwa tumefaulu wanne. Bibi alisoma majina ofisini mwake akiwa amesimama: Yerusa, shule kubwa. Lusia, shule ndogo. Nilidhani amekosea, amepindua majina. Hakukosea. Alama zangu hazikutosha kule nilikokutaka, na za Yerusa zilikuwa za juu kuliko za msichana yeyote wa jimbo letu mwaka ule.

"Lakini mimi niliomba ndogo, Bibi," Yerusa alisema.

Bibi aliweka karatasi mezani. "Fomu zenyewe ziko ofisi ya elimu ya jimbo, sina nakala. Mara nyingine wakubwa hupeleka mtoto kwa alama zake, bila kujali ameomba nini. Lakini kama kulikuwa na kosa la kuandika, mniambie leo. Gari linakwenda Njombe baada ya chakula. Nikipeleka simu ya maandishi leo, nafasi inaweza kubadilishwa." Kisha akanigeukia. "Lusia, wewe ndiye uliyeandika. Uliandika kama alivyokuambia?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nakumbuka chombo cha kukaushia wino juu ya meza yake, na kikombe cha chai kilichobaki nusu, na utando uliokuwa umejifanya juu ya maziwa.

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

Yerusa hakunitazama hata kwa kunihakiki. Alisema, "Basi labda Mungu anataka niende," akatabasamu ili mimi nisihuzunike kwa ajili yake. Miaka yote niliyoishi baadaye sijasikia maneno mazito kuliko hayo. Gari liliondoka baada ya chakula. Nililisikia likihangaika kwenye tope la kilimani, likikwama, likisukumwa, na kila lilipokwama nilijiambia bado kuna muda, nitakimbia, nitasema. Kisha likapata barabara ngumu, sauti yake ikapotea.

Baba yake alipopelekewa habari alikuja tena, na Bibi akazungumza naye mlango ukiwa wazi. Nilimsikia akimwambia kwamba ni heshima kubwa, kwamba serikali imemchagua, kwamba siku hizi kuna dawa ya homa. Mzee aliuliza mara mbili kama ni serikali iliyoamua. Bibi alisema anavyojua yeye ni hivyo. "Kama ni serikali," mzee akasema, "nitabishana na nani?"

Januari tulisafiri pamoja mpaka Makambako, Yerusa, baba yake na mimi, juu ya magunia ya ngano katika lori. Makambako ndipo njia zilipogawana. Basi la kwenda kaskazini, Iringa na mbele zaidi mpaka kwenye reli, lilipita pale, na la Mbeya likapita likielekea upande mwingine. Mji wenyewe ulikuwa maduka machache, upepo na tope. Tulisubiri siku moja na nusu katika hoteli ya mzee mmoja Mswahili wa pwani tuliyemwita Baba Salumu, chumba kirefu chenye moto katikati na benchi zilizong'azwa na makalio ya wasafiri. Ndipo tulipoonja chapati kwa mara ya kwanza. Baba yake Yerusa alinunua moja, akaigawa vipande vitatu kwa vidole, kipande kikubwa akampa Yerusa na kingine akanipa mimi, chake kikawa ukingo tu. Alikuwa akimwuliza dereva mmoja maswali mengi kwa sauti ya chini. Siku ngapi? Nne, kama mvua haijakata barabara. Kuna wanawake garini? Watakuwepo. Unaweza kumwangalia? "Huyu hajawahi kuishi mahali pasipo na baridi," akamwambia dereva, kana kwamba anaeleza ugonjwa.

Basi la kaskazini lilifika kwanza, saa tano asubuhi. Yerusa alipanda na sanduku lake la bati, akapata kiti cha dirishani, akateremsha kioo. "Uanze wewe kuniandikia," aliniambia. "Mimi nitakuwa bado nahesabu wasichana." Kisha akazungumza na baba yake kwa Kikinga, nami sikuelewa ila neno moja, jina la mdogo wake, Rebeka. Basi likaondoka. Mzee alitembea kando yake mpaka lilipomshinda mwendo. Aliporudi alikaa nami mpaka la kwangu lilipokuja alasiri, akanishika kichwa kunibariki kama alivyombariki bintiye. Aliniambia, "Wewe angalau utakuwa karibu." Nilipanda basi nikiwa na joto la kiganja chake utosini.

Shule ndogo ilikuwa kama Yerusa alivyosema. Kabla ya wiki kwisha nilijua majina yote. Walimu walituita kwa majina, wakajua nani anapenda viazi na nani analia akipokea barua. Kitanda kilichokuwa ubavuni mwangu kilibaki kitupu. Mtoto aliyepangiwa hapo hakuja, na mwaka mzima hakuletwa mwingine. Blanketi lake lilikunjwa vizuri juu ya mto. Nilikuwa nikirudi kutoka darasani mchana, mlango wa bweni ukiwa wazi, na kabla macho hayajazoea giza la ndani nilimwona mtu amekaa ukingoni mwa kitanda kile, ameinamisha kichwa, anamenya kitu. Wenzangu walinizoea nikisimama mlangoni. Walidhani nasali.

Barua zake zilikuja tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye vichekesho: alikuwa nambari mia mbili na kumi na nne, nguo zake, sahani yake na kitanda chake vyote vilikuwa mia mbili na kumi na nne, na matroni alimwita "Mia Mbili" kwa kufupisha. Jua la huko, aliandika, linakaa juu ya kichwa kama mzigo wa kuni. Ya pili ilisema mwalimu wa hesabu amemtoa mbele ya darasa akasema huyu ataniacha nyuma. Alifurahi, niliona furaha hata katika jinsi alivyobonyeza kalamu. Nilishika barua ile nikajiambia: umeona, ulimtendea jema. Nilijiambia hivyo wiki tatu. Ya tatu ilikuwa fupi, mwandiko umelala. Alikuwa ametoka hospitali ya shule, akapewa dawa chungu, masikio yanavuma. "Usimwandikie baba," alimalizia. "Atakuja kwa miguu."

Mwezi wa tano mkuu wetu wa shule aliniita ofisini, akaniketisha kabla ya kusema, nami nilijua. Bibi alikuwa ameandika. Homa ilimrudia Yerusa ikapanda kichwani, akakaa siku mbili, siku ya tatu hakuamka. Walimzika hukohuko kwa sababu ya umbali na joto. Mkuu alinipa maji, akanishika bega, akasema hakuna aliyekosa, ni mapenzi ya Mungu. Nilimtazama mdomo. Nilisubiri aniulize kitu, chochote, ili nijibu. Hakuniuliza.

Likizo ya Juni ilinipitisha Makambako. Nilitaka kuvuka moja kwa moja, lakini lori la Njombe lilichelewa, na upepo ulinisukumia kwa Baba Salumu. Alinitambua. Alinipa chai bila kuulizwa, akakaa mbele yangu.

"Yule mzee wenu wa milimani alikuja," akasema. "Mwezi uliopita. Alikaa hapa siku tatu. Kila basi la kaskazini likifika anatoka, anasimama pale, anatazama wanaoteremka mpaka wa mwisho, halafu anatazama juu ya paa kwenye mizigo. Siku ya pili nikamwambia, mzee wangu, mtu akifa mbali vile huzikwa hukohuko, hawamleti. Akaniambia, najua, nimeambiwa. Basi likaja, akatoka tena."

"Alisema nini alipoondoka?"

"Alishukuru kwa chai."

Nilitazama benchi aliyokuwa amekaa baba yake Yerusa. Palikuwa na watu wengine pale, wakulima wawili wakizungumzia bei ya pareto, na bado niliona nafasi yake kati yao, imeachwa wazi. Nadhani mimi wa zamani aliishia pale. Nilirudi shule, nikamaliza, nikawa mwalimu. Nilipoanza kufundisha madarasa ya juu, kila mwaka zililetwa fomu, na wazazi wasiojua kuandika walizileta nyumbani kwangu na kuku au mayai, wakiniomba niwajazie. Nilikataa. Nilimkalisha mtoto mezani ajaze mwenyewe, mzazi akisikiliza, akisoma kwa sauti kila neno mara mbili. Walisema Mwalimu Lusia ana maringo, hagusi fomu ya mtu. Hata mjukuu wangu juzi aliniuliza, shule ya watoto wengi yenye matokeo mazuri au hii ndogo ya hapa karibu? Nilimweleza zote mbili, na alipoliacha daftari mezani ili nimwekee alama kwenye ninayoiona bora, nikatoka nje.

Basi nikaenda Ipelele. Rebeka, ambaye nilimjua kwa jina tu lililotoka dirishani mwa basi, ni mama wa miaka sabini na kitu, mfupi kama baba yake, mwenye macho ya Yerusa, jambo ambalo hakuna aliyenionya. Alinikaribisha ndani, karibu na moto, akaniwekea viazi na maziwa ya mgando. Nje mafundi walikuwa wakichanganya saruji. Mchana kutwa watu waliingia na kutoka wakinisalimia kama ndugu. Saa kumi hivi tulibaki wawili, tunachambua njegere katika ungo mmoja. Nikasema. Nilisema yote: dirisha la wagonjwa, meza ya barazani, ofisi ya Bibi, gari kwenye tope. Sikulia, nilikuwa nimelia zamani sana. Mikono ya Rebeka iliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye "Ndiyo, Bibi." Hapo ikasimama.

"Yule Mzungu alikuja hapa," akasema. "Baada ya msiba. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa magotini pa mama. Alikuwa ameiomba ile fomu kutoka serikalini, akaileta. Alidhani itamfariji baba. Akamwambia, tazama, hakuna aliyemlazimisha, aliitaka mwenyewe, ndiyo nafasi ya kwanza. Baba akasema siyo, alinikubalia ndogo. Yule mama akasema, Lusia ndiye aliyemwandikia, nami nilimwuliza Lusia kwa mdomo wangu, akasema aliandika alivyoambiwa."

Moto ulilia kidogo.

"Baba hakulitaja jina la dada tena," Rebeka akaendelea. "Alisema mwanangu alinitazama usoni akanidanganya, akaenda kufa. Hakuna mjukuu aliyepewa jina hilo. Mama alikuwa akilia kwa siri. Sisi tulikua tukijua tulikuwa na dada mwongo. Baba aliishi miaka arobaini baada ya hapo, na wewe ulikuwa Njombe."

Nilikuwa nimejiandaa miaka sitini kwa jambo la kifo chake. Hili jingine sikulijua. Nilikuwa nimemwua mara moja kwa wino, nilidhani, na kumbe kwa neno langu moja nilikuwa nimemnyang'anya pia baba yake, akiwa tayari ardhini asiweze kujitetea. Nilimwomba Rebeka msamaha. Aliutikisa ungo, akapuliza maganda.

"Mimi sina wa kukupa," akasema, na hakuniita dada. "Siwezi kutoa cha baba. Kesho watu wote watakuwa makaburini. Utaenda umwambie yeye."

Asubuhi kulikuwa na jalidi nyeupe, umande ulioganda, kwenye majani, kisha jua kali. Watu walikuwa kama hamsini, watoto, wajukuu, majirani, wakwe. Mwinjilisti alisoma, tukaimba, akasema kuna mgeni, mwalimu kutoka Njombe, rafiki wa marehemu binti wa nyumba hii, ana neno. Rebeka alisimama upande wa pili wa kaburi amekunja mikono ndani ya kitenge. Nikasogea mpaka viatu vyangu vikagusa saruji mbichi. "Baba," nikasema, "ni Lusia. Yerusa hakukudanganya. Alichagua ulivyomwambia. Mimi ndiye niliyeandika vingine, na nikamwongopea Bibi." Sauti yangu ilitoka nyembamba, upepo ukaichukua. Mbele yangu, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa mzee Amosi, mdogo wa mwisho wa baba yake Yerusa, aliyebaki peke yake wa kizazi kile. Aliinamia mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Mama," akasema, "sikusikia. Umesema nani hakudanganya?"

Nilimtazama Rebeka. Hakunisaidia. Nikavuta pumzi, nikalitaja jina la Yerusa kwa sauti ya kufika mpaka kwa waliosimama nyuma kabisa, kisha nikasema tena yote tangu mwanzo.